Kipindi Kikibadili Jina, Uliza Daftari Liko kwa Nani

Kuna ubishi mmoja wa kwenye vimbweta ambao haujawahi kupata mshindi: Ze Comedy na Ze Orijino Komedi ni kipindi kimoja au ni viwili? Wanaosema ni kimoja wana hoja. Sura zilikuwa zilezile: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan, Seki, Vengu. Vituko vilikuwa vilevile, na mtazamaji alikuwa yuleyule aliyekaa sebuleni akisubiri Joti atokee kavaa gauni la bibi. Wanaosema ni viwili nao hawajakosea. Cha kwanza kilirushwa EATV, cha pili TBC1, na majina yenyewe hayafanani hata kwa herufi, maana C imegeuka K.

Kwangu mimi, ubishi huo unazunguka swali lenyewe bila kuligusa. Swali lenyewe ni hili: watu walioubeba mzigo wote wa kuchekesha nchi walipohama kituo, kwa nini hawakuhama na jina? Jibu ni kwamba walipoondoka, ukazuka mgogoro wa nani mwenye haki na jina la Ze Comedy, wao au kituo walikotoka. Kundi likalazimika kujibatiza upya, likachagua neno Orijino. Hebu lifikirie neno hilo. Mtu haweki bango la "orijino" dukani kwake mpaka pawe na mwingine anayeweza kuuza kitu kwa jina lilelile. Ndani ya neno moja walikuwa wanatuambia: jina limebaki, ila sisi wenyewe ndio hawa.

Hoja yangu ni moja. Jina la kipindi likibadilika katikati ya safari, mara nyingi kilichobadilika si ubunifu. Ni umiliki ndio umejitokeza hadharani, umiliki ambao ulikuwepo siku zote ila hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuangalia. Na sisi wanafunzi, ambao kila semista tunaanzisha vipindi kwenye simu zetu, hatuandiki hata mstari mmoja kuhusu jina ni la nani. Tunatakiwa kuandika kabla ya kupata watazamaji elfu kumi. Baada ya hapo ni kesi.

Nina miaka 22. Ile ya EATV nimeikuta kwenye simulizi za kaka na dada zangu. Niliyokua nayo ni ya TBC1. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeiita kwa jina lililoandikwa kwenye skrini. Mama hadi leo akimwona Masanja kwenye simu ya mtu anauliza, "Huyu si wa Ze Comedy huyu?" Jina jipya lilikaa kwenye televisheni, la zamani likabaki mdomoni. Kwa hiyo jina la kipindi lina wenyewe wawili. Kuna mwenye jina mdomoni, ambaye ni mtazamaji, na kuna mwenye jina kwenye karatasi. Siku ya ugomvi anayesikilizwa ni wa karatasi.

Tusidhani haya ni mambo ya Bongo tu. Marekani, David Letterman aliongoza Late Night with David Letterman kwenye kituo cha NBC tangu 1982. Mwaka 1993 akahamia CBS. NBC wakasema jina la kipindi na baadhi ya vipengele vyake ni mali yao. Basi huko CBS kikaitwa Late Show with David Letterman, na hata orodha yake maarufu ya mambo kumi ikabidi ibadilishwe jina kidogo. NBC nao wakabaki na Late Night yao, wakamkabidhi kijana mmoja aliyeitwa Conan O'Brien. Angalia kilichobadilika kwa Letterman: neno moja tu. Ni yaleyale ya Comedy na Orijino Komedi. Unabadilisha kiasi cha kumtosha mwanasheria, lakini si kiasi cha kumpoteza mtazamaji.

Uingereza kuna mifano miwili ambayo ukiiweka pamoja inafundisha kuliko mhadhara. Wa kwanza ni Top Gear, kile kipindi cha magari. Mwaka 2015 BBC waligoma kuendelea na Jeremy Clarkson baada ya kumpiga prodyuza. Wenzake wawili, Richard Hammond na James May, wakaondoka naye, na mwaka 2016 wote watatu wakaibukia Amazon. Kila mtu alijua wanachofanya ni kilekile, ila jina la Top Gear lilikuwa la BBC, kwa hiyo wao wakaitwa The Grand Tour. BBC wakaendelea na Top Gear kwa kuweka watangazaji wengine.

Wa pili ni The Great British Bake Off, mashindano ya kuoka keki na mikate. Hicho nacho kilikuwa BBC, lakini kilitengenezwa na kampuni inayoitwa Love Productions, na jina lilikuwa la kampuni. Kampuni ilipopata ofa kubwa zaidi kutoka Channel 4, ikahamisha kipindi, na mwaka 2017 kikaanza kuonekana huko. Mel Giedroyc, Sue Perkins na Mary Berry waligoma kwenda. Kati ya sura nne ambazo watu walizizoea, aliyekwenda ni Paul Hollywood peke yake. Jina halikubadilika hata nukta.

Yaani kwenye Top Gear watu waliondoka jina likabaki, na kwenye Bake Off watu walibaki jina likaondoka. Tofauti ya visa hivi haipo kwenye kipaji wala mapenzi ya watazamaji. Ipo kwenye nani alikuwa na karatasi. Na hata mwenye karatasi, karatasi yake ina mipaka. Bake Off ikionyeshwa Marekani inaitwa The Great British Baking Show, kwa sababu kule neno Bake-Off ni alama ya biashara ya Pillsbury, kampuni ya unga na vyakula vya kuoka.

Hapa kuna mtu atasema: dawa si rahisi tu? Kipe kipindi jina lako mwenyewe, tuone nani atakunyang'anya. Wapo waliofanikiwa hivyo. Kwa jirani zetu Kenya, Daniel Ndambuki, ambaye wengi tunamjua kama Churchill, alikuwa na Churchill Live, kisha ikawa Churchill Show. Neno la pili limebadilika, la kwanza halikuguswa, maana la kwanza ndiye yeye.

Ila kuna kisa cha Valerie Harper. Mwaka 1986 NBC walianza kurusha kipindi kilichoitwa Valerie, na yeye ndiye aliyekuwa mama wa familia ndani yake. Mmoja wa wanawe aliigizwa na Jason Bateman, yule ambaye kizazi chetu tunamjua kwa Ozark. Mwaka 1987 Harper alitofautiana na watengenezaji kuhusu maslahi, akaondolewa. Kwenye hadithi wakasema mama amefariki kwa ajali ya gari. Akaletwa Sandy Duncan kuwa shangazi wa watoto, na kipindi kikaitwa Valerie's Family. Fikiria, mtu umemfukuza halafu jina lake bado liko mlangoni. Mwaka 1988 kikabadilishwa tena kuwa The Hogan Family, kikaendelea hadi 1991. Majina matatu, nyumba ileile, watoto walewale. Harper alikwenda mahakamani na akashinda, akalipwa zaidi ya dola milioni moja pamoja na sehemu ya faida. Alishinda kwa sababu alikuwa na mkataba wa kuonyesha. Jina lake kwenye bango halikumlinda, kilichomlinda ni kilichoandikwa.

Kuna mabadiliko ya aina nyingine ambayo hayana ugomvi wala machozi: mdhamini. Bongo Star Search ya Madam Rita tunaijua wote kama BSS. Mwaka 2012, Walter Chilambo alipoibuka mshindi, ilikuwa inaitwa Epiq Bongo Star Search. Epiq ilikuwa chapa ya Zantel, waliokuwa wadhamini. Baadhi ya watu walinuna, eti jina limeuzwa. Mimi nauona kama mfano mzuri wa namna ya kumkaribisha mwenye hela. Mdhamini alipewa kiti cha mbele ya jina, hakupewa jina. Maneno matatu ya mwanzo yalibaki mazima nyuma yake, na leo ukimuuliza mtu yeyote atakwambia BSS. Kofia inavuliwa, kichwa kinabaki palepale.

Sasa tuje hapa chuoni. Mshkaji wangu mmoja, ambaye hataki atajwe, alibuni jina la kipindi cha vichekesho akiwa mwaka wa kwanza. Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa na simu yenye kamera nzuri, kwa hiyo akaunti ikafunguliwa kwa namba yake. Mwingine aliigiza mama mwenye nyumba anayedai kodi, na huyo ndiye watu walimpenda. Wa tatu alikuwa anahariri video. Mshkaji alikuwa anaandika, na jina lilikuwa lake, alilitoa kwenye msemo wa bibi yake. Hawakuandikiana chochote. Wanakaa chumba kimoja hosteli, wanakula sahani moja, waandikiane nini?

Mwaka ukapita, wafuasi wakafika maelfu, na kampuni moja ya mjini ikaja na hela ya tangazo. Ndipo likaulizwa swali ambalo halikuwahi kuulizwa: mkataba anasaini nani? Akasaini mwenye simu, kwa sababu ukurasa ulikuwa kwenye namba yake na kampuni iliwasiliana naye. Hela ikaingia kwake, akaigawa kwa namna aliyoona yeye ni haki. Wengine hawakuona hivyo. Leo kuna kurasa mbili. Moja ina jina la zamani na haina mwandishi. Nyingine ina mwandishi na mama mwenye nyumba, na jina jipya ambalo ni lilelile la zamani likiongezewa neno "halisi" mwishoni. Wamelifikia suluhisho la Orijino Komedi bila mtu kuwafundisha, ila wao hawakuwa na TBC1 ya kuwapokea. Wafuasi wamegawanyika, mdhamini amesepa, na watu waliokula sahani moja sasa mmoja akikaa kimbweta hiki, mwenzake anahamia kile.

Aliyeumia zaidi ni yule wa msemo wa bibi. Siku moja aliniambia kwamba hela imeshapita. Kinachomkera ni kuona jina la bibi yake linatangaza vitu ambavyo bibi asingevijua wala kuvitaka, na yeye hana hata ujumbe mmoja wa kuonyesha kwamba lilitoka kwake.

Kuna watakaosema ninakuza mambo, kwamba jina ni jina tu, mwenye kipaji atafika hata ukimwita Bwana Nani. Wanataja haohao niliowataja: Orijino Komedi walipeta, Letterman alikaa CBS hadi 2015, kina Clarkson hawakulala njaa. Kweli kabisa. Lakini wote hao walibadilisha jina wakiwa tayari wakubwa. Sura zao zilikuwa zinatosha kuwa jina. Mwanafunzi mwenye wafuasi elfu nane hana sura ya kumtosha. Watu wanalijua jina la ukurasa tu, yeye hata wakipishana naye kantini hawamjui. Akinyang'anywa jina, anaanza na sifuri.

Wengine watasema karatasi zinaua urafiki. Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakusema hivyo kwa kuwa walikuwa hawaaminiani. Daftari halimwiti mtu mwizi. Linamsaidia mtu mwaminifu kukumbuka walichokubaliana siku ambayo hela imefika na kila kumbukumbu imevutia kwake. Sisi tunaosoma ualimu, hata somo la dakika 40 la darasa la watu ambao hawatatulipa chochote tunaliandikia andalio. Itakuwaje kitu ambacho kinaweza kuwa kazi yako hakina hata ukurasa mmoja?

Na nasema kazi kwa makusudi. Wengi wetu, hasa wa Elimu, tunajua foleni ya ajira ilivyo. Kaka zetu waliomaliza miaka ya nyuma bado wako mtaani na vyeti kwenye bahasha. Kwa baadhi yetu, kile kipindi tunachorekodi nyuma ya hosteli jioni ndicho kitalipa kodi ya chumba baada ya bumu kuisha. Tusikichukulie kama mchezo kwa sababu tu kinachekesha.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji hela nyingi.

La kwanza ni ukurasa mmoja wa makubaliano, kwa Kiswahili cha kawaida, kabla ya video ya kwanza. Uandike jina limebuniwa na nani na ni mali ya nani: mtu mmoja, au wote kwa mafungu gani. Uandike nenosiri linashikwa na watu wangapi, na mmoja wao asiwe peke yake. Uandike hela ikija inagawanywa vipi. Na uandike kile ambacho watu wengi wanakisahau: mtu akiondoka, akihitimu au akifukuzwa, anaondoka na nini na anaacha nini? Sisi chuoni tunajua kabisa kwamba baada ya miaka mitatu au minne kila mtu anaondoka. Si ajali hiyo, iko kwenye kalenda. Wote wasaini, kila mmoja abaki na nakala.

La pili, serikali ya wanafunzi iwe na mfano wa ukurasa huo tayari, na iwe mahali pa kutunza nakala. Wenzetu wa Sheria wapo, wanatafuta pa kufanyia mazoezi kila siku, wauandike. Wakati huohuo watufundishe tofauti ambazo wengi hatuzijui. Kusajili jina la biashara BRELA si sawa na kusajili alama ya biashara, ingawa ofisi ni hiyohiyo. Hakimiliki, ambayo inashughulikiwa na COSOTA, inalinda kazi kama maandishi ya kipindi na video zenyewe, lakini jina fupi tupu kwa kawaida halilindwi hivyo. Mtu anaweza kuwa na hakimiliki ya kila kichekesho alichoandika na bado jina likaenda na mwingine.

La tatu linahusu wadhamini, na hapa nawasema viongozi wetu pamoja na vikundi. Mdhamini aje, hela tunaihitaji. Lakini tuwe na msimamo wa BSS: apewe kofia, asipewe kichwa. Akitaka jina lake likae mbele kwa mwaka mmoja, sawa, iandikwe kwamba mwaka ukiisha linatoka na letu linabaki. Akitaka jina letu lifutwe kabisa liwekwe la bidhaa yake, tujue kwamba huyo hadhamini, ananunua. Na anayenunua alipe bei ya kununua, isiwe bei ya fulana kumi na katoni za soda.

Nasi watazamaji tuna sehemu yetu. Ukurasa unaoupenda ukiamka asubuhi una jina jipya, usikimbilie kucheka wala kuandika kwamba wamefulia. Uliza waliotengeneza wako wapi, nani kabaki na nani kaondoka. Mtazamaji hana karatasi, lakini ana mdomo, na mdomo ndio uliomwezesha mama yangu kuendelea kuwaita Ze Comedy miaka yote hii bila kujali skrini inasema nini. Hilo liliwasaidia wale kwa sababu nchi nzima ilikuwa inawajua. Kikundi cha watu wanne wa hosteli kinahitaji mdomo huo na karatasi pia.

Semista hii nimeshaalikwa kuandika kwenye kipindi kipya cha wanafunzi. Jina bado halijapatikana, tunagombana nalo kila jioni na hatujashika hata kamera. Nimewaambia wenzangu nitaandika kwa furaha, ila kitu cha kwanza nitakachoandika si kichekesho. Ni ule ukurasa mmoja, na tutausaini wote watano.